Midoli midogo ya mashujaa (inchi 4): viungo vingi siyo ubora. Wakusanyaji tukutane hapa

#1 Fundi Jointi (Ilala)

Wakuu, salaam.

Kila nikipita kwenye nyuzi za wakusanyaji nakuta mtu kapiga picha ya boksi, kaandika "mzigo umetua", wadau wamegonga like, mapitio yamekwisha. Hakuna anayeuliza goti linakunja mpaka wapi, bega limekaza au linaning'inia, rangi ya jicho imekaa kwenye jicho au imehamia shavuni. Hapa tuongelee mdoli wenyewe, tena saizi ndogo: kuanzia inchi 3 na robo tatu (sentimita 9.5 hivi) mpaka karibu na inchi 5. Ya inchi 6 ina nyuzi zake na matajiri wake.

Naanza na msimamo wangu ili mnipige mawe mapema. Kwa saizi hii, viungo vingi (yaani sehemu za mwili zinazokunja au kuzunguka) mara nyingi ni hasara. Mdoli wenye viungo saba vilivyobana ni bora kuliko wenye viungo ishirini vinavyolegea. Nina ushahidi mezani.

Ushahidi wa kwanza ni Flash wa Super Powers, mfululizo wa midoli wa kampuni ya Kenner, toleo la 1984. Nimemtoa soko la Karume kwenye lundo la midoli lililomwagwa kutoka kwenye belo, kalala chini ya dinosau asiye na mkia. Muuzaji alitaka buku tatu (shilingi elfu tatu), tukaishia buku na jero (elfu moja na mia tano). Kwa wasiojua, Super Powers ilidumu miaka mitatu tu, 1984 hadi 1986, kwa leseni ya DC, wenye katuni za Superman na Batman. Mwaka wa kwanza walitoka 12: Superman, Batman, Robin, Wonder Woman, Flash, Green Lantern, Aquaman, Hawkman, halafu wabaya wao Lex Luthor, Joker, Penguin na Brainiac. Kila mmoja ana kitendo chake ndani ya mwili. Superman ukimbana miguu, anarusha ngumi. Flash ni kinyume chake, unabana mikono, miguu inakimbia.

Sasa sikilizeni kwa nini Flash ndiye wa kumtafuta mitumbani kabla ya wengine. Superman bila joho lake jekundu la kitambaa ni nusu mdoli. Green Lantern bila ile taa yake, nusu mdoli. Hawkman akipoteza rungu, hivyohivyo. Flash hakuja na joho, silaha wala kifaa chochote. Ukimwokota mtupu kwenye lundo, ametimia. Kinachokosekana ni kadi aliyofungiwa na kile kijitabu kidogo cha katuni, na hivyo kwa miaka arobaini nani angevitunza?

Mapitio yenyewe. Viungo ni saba: shingo, mabega, nyonga, magoti. Viwiko hakuna, mikono imekunjwa moja kwa moja kama ya mkimbiaji. Plastiki ni ngumu, ukiigonga na kucha inalia. Nyekundu yake haijapauka, ila njano imelika sehemu tatu ambazo hulika siku zote: ncha za vibawa vya masikioni, ukingo wa mkanda, na ncha za viatu. Radi ya kifuani nzima. Nilipobana mikono mara ya kwanza mguu mmoja ulikwenda, wa pili ukagoma. Nikamwosha kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya kipande, nikasugua nyonga kwa mswaki laini, vumbi likatoka jeusi. Sasa anakimbia miguu yote, kwa mlio fulani wa "krik" ambao sitauondoa hata nikiweza. Anasimama mwenyewe bila stendi. 8 kati ya 10.

Ushahidi wa pili ni Daredevil, shujaa wa Marvel (washindani wa DC), kutoka Marvel Universe ya kampuni ya Hasbro, ule mstari (mfululizo wa midoli) ulioanza 2009, inchi 3 na robo tatu. Kwa uchongaji ni mzuri kuliko Flash mara mbili. Misuli ipo, kiwiko kinakunja, kifundo kinazunguka. Lakini ile miguu! Ni plastiki laini, imepinda tangu kwenye kifungashio, na kifundo kimeshikwa na kijipini chembamba ambacho ndicho kinabeba mwili wote. Kwa joto la Dar, ukimsimamisha jioni, asubuhi kaanguka na kawalaza majirani zake. 5 kati ya 10, na hapo nimeona aibu kwa sababu nampenda Daredevil.

Leteni yenu. Sharti moja: usiweke picha ya boksi tupu.

#2 Lenzi ya Mtaa (Nairobi)

Fundi, heshima zako, lakini hapo kwa viungo sikubali hata kidogo.

Mimi hununua midoli kwa sababu ya picha. Naenda nayo Uhuru Park asubuhi, naiweka kwa nyasi, nalala chini kwa tumbo watu wakinishangaa. Huyo Flash wako ana pozi moja, kukimbia. Ukimpiga picha ya pili ni ileile ya kwanza. Spider-Man je? Spider-Man asiyeweza kuchuchumaa ni mtu tu amevaa pajama. Anahitaji goti linalokunja hadi kisigino kiguse paja, kiwiko kinachokunja, shingo inayoangalia juu akiwa amelala kifudifudi. Kwa inchi nne, hivyo vyote Hasbro waliviingiza, na walivyoviingiza ni kazi ya ufundi kweli.

Miguu kupinda ina dawa. Chemsha maji, toa kwenye moto, zamisha miguu kama nusu dakika, inyooshe kwa vidole (tumia kitambaa, usijichome), kisha haraka ndani ya maji baridi yenye barafu. Plastiki ikipoa inakaa ulivyoiweka. Kiungo kilichokaza pia ni hivyo hivyo: maji moto kwanza, ndipo usokote. Ukilazimisha kavu, pini inakatika, na hiyo ndiyo midoli naona soko la Gikomba ikiwa na mguu mmoja.

#3 Fundi Jointi (Ilala)

Mkuu Lenzi, hoja ya Spider-Man naipokea, yule kazi yake ni kuchuchumaa. Ila angalia: unachonieleza ni matibabu. Mdoli wa 1984 haumwi. Na maji moto yananyoosha mguu leo, mwezi wa pili Dar ikifika nyuzi 33 unarudi kupinda, maana joto lile lile lililoukunja kwanza halijaondoka.

Superman, Batman, Flash, hawa ni watu wa kusimama kifua mbele. Wape viungo saba wapumzike.

#4 Kijana wa Mbagala

Sasa wakuu, mtu mzima na ndevu zake anabishana goti la mdoli? Wake zenu wanajua?

#5 Mzee wa Kadi (Minneapolis)

Kijana, hii habari ya mdoli au siyo mdoli ilishafika mahakamani na ina fedha ndani yake. Huku Marekani, kwa ushuru wa forodha wa enzi hizo, mdoli wa mfano wa binadamu ulikuwa unalipiwa asilimia 12, lakini toi la kiumbe kisicho binadamu asilimia 6.8. Toy Biz, kampuni iliyokuwa inaingiza midoli ya X-Men (kundi la mashujaa wa Marvel) na wenzao, wakaenda Mahakama ya Biashara ya Kimataifa ya Marekani kudai kwamba mali yao siyo binadamu. Mwaka 2003 hakimu akawakubalia: wenye makucha, mabawa na ngozi ya bluu wale siyo watu. Mashabiki wa X-Men walikasirika, maana hadithi nzima ya X-Men ni kudai kuhesabiwa kuwa watu, halafu mwenye kampuni anakwenda kuapa kwamba siyo, ili alipe ushuru nusu.

Fundi, umeandika vizuri. Naongeza historia, kwa sababu vijana wengi wanadhani saizi hii ilizaliwa na midoli ya filamu ya Star Wars. Kampuni ya Mego walitoa Comic Action Heroes mwaka 1975, Superman na Batman na Spider-Man, inchi 3 na robo tatu. Kilichotokea ni kwamba Mego walipopewa nafasi ya leseni ya Star Wars wakaikataa, Kenner wakaichukua, na midoli yao ilipoingia madukani 1978 dunia nzima ikageuka kufuata kipimo kile. Sababu ni ya hesabu tu: mdoli akiwa mdogo, unaweza kumtengenezea chombo cha kupanda ambacho mzazi anaweza kukinunua na mtoto anaweza kukibeba. Mego waliokuwa wafalme wa mashujaa wa inchi 8 tangu 1972 walifilisika miaka ya mwanzo ya themanini.

Na 1984 hiyohiyo, wakati Kenner wana DC, Mattel walikuwa na Marvel, mstari wa Secret Wars. Marvel waliandika kabisa mfululizo wa katuni wa jina hilo kuuzia midoli. Kila mmoja alikuja na ngao yenye picha inayobadilika ukiigeuza. Ngao zilikuwa na mvuto, midoli yenyewe haikufanya kitu. Umbane miguu, umbane mikono, umbane kichwa, anakutazama tu.

#6 Bint Kisauni (Mombasa)

Ndugu zangu, mwaongea juu ya joto mkasahau chumvi. Mimi nakaa karibu na bahari, na kabati yangu yanifunza. Midoli yenye pini za chuma kwenye magoti, hata kama ni mipya, baada ya muda waona doa la hudhurungi kwenye kiungo. Hiyo ni kutu, na ikishika, goti likizungushwa lasagika kama mchanga. Naipangusa kwa kitambaa kikavu mara kwa mara na naweka vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja ndani ya viatu. Bure hivyo, dada yangu auza viatu.

Jambo la pili ni kule kunata. Wafungua boksi la akiba, mdoli anata kama peremende iliyonyonywa. Siyo uchafu. Ile dawa inayotiwa kwenye plastiki kuilainisha ndiyo inayotoka nje pole pole, na joto laiharakisha. Osha kwa sabuni laini, kausha kabisa, mpake poda kidogo, kisha muache mahali penye hewa. La muhimu, usimfungie ndani ya mfuko wa plastiki ukadhani wamhifadhi. Huko ndani ndiko anakozidi kutoa jasho.

Na dirishani tafadhali msiweke. Jua laipausha rangi nyekundu kwanza.

Viungo vilivyolegea nafanya hivi: nachomoa mkono, naipaka ile gololi ya bega rangi ya kucha isiyo na rangi, tabaka moja jembamba, naacha ikauke mpaka kesho yake, ndipo narudisha. Yabana vizuri. Jaribu kwanza mahali pasipoonekana, kwani kuna plastiki zinazoliwa na rangi ya kucha. Na ile dawa ya kutolea rangi ya kucha usiilete karibu kabisa, yayeyusha uso wote.

#7 Baba Wawili (Arusha)

Wakuu samahani kwa kuingilia, mimi siyo mkusanyaji. Nina watoto wawili, mmoja ana miaka mitatu, mwingine sita. Soko la huku kuna marundo ya midoli ya mtumba bei rahisi. Je, hiyo ya zamani mnayoisifia naweza kuwapa wachezee?

#8 Mzee wa Kadi (Minneapolis)

Wa miaka mitatu, hapana. Kwanza vipande vidogo: ngumi, taa, bastola, vyote vinaingia kooni. Pili rangi. Rangi za midoli ya zamani zinaweza kuwa na risasi, na plastiki yake kadmiamu. Sheria ya Marekani iliyobana risasi pamoja na zile dawa za kulainisha plastiki kwenye vitu vya watoto ni ya 2008. Iliyotengenezwa kabla ya hapo mchukulie kama ya kabatini, na mtoto ambaye bado anatia vitu mdomoni asiipate.

Wa miaka sita mnunulie mpya halali. Spin Master wametoa DC za inchi 4 tangu 2020. Batman wao ana viungo 11 na vikorombwezo vitatu vilivyofichwa, hujui ni vipi mpaka ufungue. Watoto wanapenda ule ufunguzi kuliko mdoli wenyewe. Hasbro nao wana Epic Hero Series, inchi 4, za Marvel. Ni midoli ya kuchezewa, inaanguka sakafuni na kuamka.

#9 Fundi Jointi (Ilala)

Viungo 11. Nyie endeleeni tu, mnanisogelea polepole.

#10 Mswahili wa Seeb (Muscat)

Assalaam alaykum. Nimesoma uzi wote, mashallah. Naongezea habari ya feki, kwani Kariakoo na huku Ruwi tunaletewa mali ileile, boksi moja lina Superman, Hulk na yule wa barafu wa katuni za watoto, wote kundi moja.

Ukimshika tu mkononi, feki ni mwepesi na kifua chake ni tupu, mara nyingine waona mshono ubavuni pale nusu mbili zilipounganishwa. Tazama nyuma ya mguu, mgongoni au chini ya unyayo: halali ana maandishi madogo yenye jina la mwenye haki, mwaka, na nchi. Feki aidha hana, au maandishi yamefifia kwa sababu walichukua mdoli halali wakafanya kalibu juu yake. Na kwa sababu hiyohiyo feki huwa mdogo kidogo kuliko mwenziwe wa asili, plastiki ikipoa hunywea. Ukiwa na halali nyumbani waweke mgongo kwa mgongo, utaona.

Lakini angalieni mwaka ule. Ni mwaka wa haki miliki ya ule mchongo, siyo mwaka wa kutoka kiwandani. Kuna mtu alinitumia mdoli akidai ni wa miaka ya tisini, kumbe kiwiliwili kilichongwa miaka ile kikaendelea kutumika kwa wahusika wengine baadaye kwa kupakwa rangi tofauti tu.

Mimi mali yangu halali hungojea maonyesho ya Middle East Film & Comic Con, zamani yalikuwa Dubai, siku hizi Abu Dhabi. Bei zao ni za kuumiza, ila angalau unamshika mdoli kabla hujalipa.

#11 Lenzi ya Mtaa (Nairobi)

Hapo kwa kushika kabla ya kulipa umegonga ndipo. Mimi kwa muuzaji yeyote, kabla ya bei, hufanya mambo kwa mpangilio huu: namsimamisha kwa kiganja bila kumshikilia, namtikisa sikioni (kitu kikilia ndani, kuna kipande kimevunjika), nabana miguu na mikono kama ni wa kitendo, kisha natazama shingo kwa nyuma, maana shingo ndiyo hupasuka kwanza na wauzaji huigundisha kwa gundi ya viatu.

Boksi mimi sijali. Hata Hasbro wenyewe hawakujua walitakalo: 2022 waliondoa kidirisha cha plastiki kwa maboksi ya Marvel Legends za inchi 6 kwa ajili ya mazingira, ukawa unanunua bila kuona uso. Mashabiki wakapiga kelele, mwaka uliofuata wakatangaza kukirudisha. Na kelele ilikuwa ya haki, kwani kwa midoli miwili ya kiwanda kimoja, mmoja macho yako sawa na mwingine anaangalia pua yake.

#12 Bint Kisauni (Mombasa)

Basi na mie nilete mapitio yangu. Ni wa inchi 5 karibu, Fundi anisamehe. Storm, Toy Biz, 1991, ule mstari wa kwanza wa X-Men. Nilimtafuta kwa sababu moja tu: katika katuni, mamake ni binti wa kifalme kutoka Kenya. Wametokea mashujaa wangapi wenye mama Mkenya?

Nimempata soko la Kongowea kwa mama mmoja auzaye nguo za watoto. Joho lake halipo. Mavazi ni meusi, nywele nyeupe zimechongwa zikamwagika mgongoni, nazo zimekuwa na rangi ya chai ya maziwa kwa uzee. Kifuani ana radi ya plastiki inayopitisha mwanga: wabonyeza kitufe mgongoni, radi yawaka. Yake haiwaki. Viungo vyabana sana, asimama wima hata kwenye mkeka. Uso sikuupenda, wamempa kidevu cha mwanamume. Nampa 6, na zote sita ni za radi hata kama imezimika.

Fundi, betri ya hivi hufunguliwa vipi? Naogopa kumvunja.

#13 Fundi Jointi (Ilala)

Dada yangu, usibonyeze tena kwanza. Betri ya miaka ile ikioza ndani inatoa unga wa kijani au mweupe unaokula vibati vya shaba. Akiwa na skrubu mgongoni, tumia bisibisi ndogo ya fundi saa, sukuma kwa nguvu ya kwenda chini kuliko ya kuzungusha ili usile kichwa cha skrubu. Vaa glavu. Unga ule unaondoka kwa pamba iliyochovywa siki kidogo, kisha pamba yenye maji safi, kisha kausha siku nzima. Vibati vikiwa bado vinang'aa, fundi yeyote wa simu atakutafutia betri ya kufanana. Vikiwa vimeliwa, kuna kazi ya waya na lehemu, na hapo Mwembe Tayari mafundi wapo tele.

Joho unaweza kumshonea. Kata kwanza kwa karatasi, umvalishe, ndipo ukate kitambaa chembamba. Nimemshonea Batman hivyo kwa bitana ya suti, fundi cherehani alinitazama usoni muda mrefu. Ila nimeandika kwa kalamu upande wa ndani kwamba limeshonwa, asije mtu siku moja akauziwa kama la kiwandani.

Na viungo vyake ni vingapi huyo Storm?

#14 Bint Kisauni (Mombasa)

Nilijua utauliza. Vichache. Usianze.

#15 Lenzi ya Mtaa (Nairobi)

Bint, kama radi haitawaka hata baada ya betri, nina Robin wa Super Powers hana joho lakini kitendo chake kinafanya kazi, tunaweza kubadilishana. Tuma kwanza picha ya mgongo, karibu kabisa na kitufe, nione kama kutu imefika kwa skrubu.